Pembe, Reli, Karanga na Tumbaku

Muhula huu katika somo la jiografia tulifundishwa kwamba nchi itegemeayo zao moja huyumba upesi bei ya zao hilo inapoanguka. Mwalimu alitutolea mifano ya nchi za mbali. Mimi natoka Ulyankulu, nikaona mfano wa kwetu watosha, na ndio nitakaoueleza hapa.

Zamani mali ya Unyamwezi ilikuwa njia. Misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, na vijana wa Kinyamwezi walichukua pembe na nguo mabegani kwa ujira. Mtemi Mirambo, ambaye Ulyankulu ilikuwa katika milki yake, alijua vema thamani ya njia hiyo: alipogombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 aliifunga, na biashara ya Ujiji ikakwama. Lakini tembo walizidi kupungua, Mirambo akafa mwaka 1884, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi ikaisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mpango wa karanga. Walifyeka pori kwa matrekta huko Kongwa, Nachingwea na kwa jirani zetu wa Urambo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ndipo ikaja tumbaku, ambayo twailima hata leo, sisi na wenzetu waliohamia kutoka Burundi tangu mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania.

Tazameni jambo hili. Kila biashara ilipokufa, pori la miyombo lilibaki. Watu walirudi humo wakapata asali, nta, uyoga, dawa na miti ya kujengea. Pori ndilo lililokuwa akiba yetu. Tumbaku haiko hivyo, kwa maana yenyewe hula akiba. Majani ya tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, na moto hauna ruhusa kuzimika usiku wala mchana kwa muda wa siku sita hivi. Bani likiisha kupakuliwa hujazwa tena. Nilipokuwa mdogo kuni zilikatwa nyuma ya nyumba yetu. Sasa mkokoteni wa ng'ombe huondoka alfajiri na kurudi jua likiwa limekwisha pinda. Baba amepanda mikaratusi, lakini bado ni miembamba kama fito.

Sisemi haya kwa kuidharau tumbaku. Bati la nyumba yetu ni la tumbaku. Lakini mwaka juzi bei ilishuka, na majani yetu yakawekwa daraja la chini. Kwanza lilikatwa deni la mbolea, kisha likakatwa deni la wanachama wengine waliotoroka, kwa kuwa wote hudhaminiana. Fedha alizorudi nazo baba hazikutosha kununua godoro langu la bweni. Nilirudi shule kwa ndoo nne za asali ya babu.

Babu naye ana kosa lake, nami nilimwambia kwa adabu. Mizinga yake ni ya magome, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Alicheka, akaniuliza ni nani amekata miti mingi zaidi, yeye kwa miaka hamsini au bani moja kwa miaka mitano. Sikuwa na jibu.

Baba hakukubali kuacha tumbaku, wala sikumwomba aiache, maana hakuna zao jingine ambalo mnunuzi wake hulifuata hadi kijijini. Alikubali kupunguza eka moja na kupanda alizeti, tena kipande cha pori kilicho ng'ambo ya kijito kisiingie shoka. Mwezi wa Juni, likizoni, tulitundika humo mizinga sita ya mbao. Barua ya mdogo wangu iliyofika wiki iliyopita yasema kwamba miwili imekwisha ingia nyuki.