Mazoezi kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo: Anza na Mabega

Miguu ikipoteza nguvu, mabega hubeba kazi zote: kusukuma kiti cha magurudumu, kuhamia kitandani, kuingia kwenye gari. Mabega hayo yakichakaa, unapoteza uhuru mara ya pili. Ndiyo maana mazoezi yako yaimarishe misuli ya nyuma ya bega, ambayo kusukuma kiti hakuigusi sana, na yaupe moyo kazi ya kutosha.

Kiasi gani?
Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 unataka dakika 20 za mazoezi ya kuhema, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, raundi 3 kwa kila kundi la misuli linalofanya kazi. Anayetaka pia kujikinga na kisukari na maradhi ya moyo afikie dakika 30 za kuhema, mara 3. Mtaalamu wa tiba ya viungo akuone kwanza, hasa kama umeumia karibuni.

Andaa
Nunua tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli, inatosha kabisa. Toa mkojo kabla ya kuanza, kagua kama mpira wa mkojo haujajikunja, kisha funga breki.

1. Kuvuta
Zungusha tyubu kwenye nguzo imara, usawa wa kifua, ukae ukiitazama. Shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma vikipita ubavuni mpaka makombe ya mabega yakaribiane. Rudisha polepole ukihesabu hadi 3. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Ikiwa nyepesi, shika tyubu karibu zaidi na nguzo. Kama vidole havikunji, tengeneza kitanzi kipite kwenye kifundo cha mkono, ukitanguliza kitambaa ili ngozi isichubuke.

2. Kufungua
Bana viwiko ubavuni, mikono mbele, tyubu kati ya viganja. Fungua mikono kwenda nje bila viwiko kuachia mbavu. Zoezi hili hulinda misuli midogo inayoshikilia bega.

3. Kusukuma kiti
Tafuta mahali tambarare, kama uwanja wa shule. Sukuma kwa msukumo mrefu na laini, kisha uache mkono ushuke chini ya ukingo wa gurudumu kabla ya kurudi nyuma. Kuchapachapa gurudumu kwa visukumo vifupi ndiko kunakoumiza mabega. Nenda haraka dakika 1, taratibu dakika 2, urudie. Kipimo chako ni pumzi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwani kwa walioumia shingoni mara nyingi moyo hauzidi mapigo 130 kwa dakika hata wakijitahidi. Maliza kwa kunyoosha misuli ya kifua.

Jihadhari na haya
*Kichwa kugonga ghafla.* Kama umeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, kichwa kikigonga huku jasho likitoka usoni, shinikizo la damu huenda limepanda vibaya. Acha zoezi. Kaa wima, shusha miguu, usilale. Legeza mkanda na nguo, toa mkojo au nyoosha mpira uliojikunja. Hali isipotulia mara moja, kimbilia hospitali: hii ni dharura.

*Joto.* Chini ya jeraha mwili hautoi jasho ipasavyo. Kama unaishi Dar es Salaam au Mombasa, fanya mazoezi alfajiri au jioni, na uwe na kitambaa cha maji shingoni.

*Ngozi.* Kila baada ya dakika 15 hadi 30, inama mbele kwa dakika 2 ili makalio yapumue. Jioni jikague kwa kioo. Ukiona doa lililobadilika rangi, au ukigusa mahali pa moto au pagumu, usikae juu yake mpaka papone.

*Bega kuuma.* Uchovu wa misuli huisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu makali yanayokuamsha usiku usiyavumilie. Punguza mazoezi, umwone mtaalamu mapema, maana bega lako halina wa kulipokea zamu.