Mwali wa Manjano: Somo la Kemia Katika Jiko la Gesi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinifuata baada ya mhadhara niliotoa shuleni kwao, akaniuliza swali lisilohusu mada ya siku ile. Nyumbani kwao, orofa ya tatu ya jengo lililo nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mama yake huoka keki za kuuza. Jiko lao la gesi, lenye oveni, walilinunua likiwa limekwisha kutumika ng'ambo. Tangu lianze kutumika, sufuria hutoka nyeusi kana kwamba zimeinjikwa juu ya kuni, na kila jioni wenye nyumba huumwa na kichwa. Walikuwa wamepima malaria mara mbili, wasionekane nayo. Je, yawezekana gesi waliyouziwa ilikuwa mbaya?

Swali hili lastahili kujibiwa darasani, kwa sababu jibu lake lote limo katika mlinganyo mmoja ambao wanafunzi wa kemia huukariri bila kuufikiria. Gesi ya mitungi tunayotumia majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa mpaka ukawa kimiminika. Propani ikiungua kikamilifu tunapata:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Yaani kila lita moja ya propani yadai lita tano za oksijeni. Na kwa kuwa oksijeni ni takriban sehemu moja tu ya tano ya hewa, lita hiyo moja yahitaji hewa ya lita 24 hivi. Butani yahitaji lita 31. Hewa hiyo yote yatoka wapi? Mwalimu aliye na kichomeo cha Bunsen katika maabara yake anaweza kuwaonyesha wanafunzi jibu. Tangu Robert Bunsen alipokianza kukitumia huko Heidelberg mwaka 1855, kanuni yake haijabadilika: gesi hupenya kwa kasi katika tundu jembamba, nayo kasi hiyo huivuta hewa iingie kupitia nafasi iliyoachwa ubavuni mwa bomba. Sehemu ya hewa huchanganyika na gesi kabla ya kuwaka. Iliyobaki huupata mwali kutoka pembeni. Mchanganyiko ukiwa sawa, mwali huwa wa buluu, mfupi na mtulivu. Hewa ikipungua, chembe za kaboni hukosa oksijeni, zikawaka kwa rangi ya manjano kabla ya kutua chini ya sufuria. Masizi ndiyo kaboni hiyo.

Hapa sina budi kutoa tahadhari ndogo. Mtu akifagia jikoni, au chumvi ikimwagika, mwali hutiwa rangi ya manjano au ya chungwa kwa muda mfupi. Hiyo ni sodiamu ikijitambulisha, kama katika jaribio la rangi za miali, wala si ubovu wa jiko.

Basi mwali unaobaki wa manjano una maana moja tu kati ya mbili: ama hewa imepungua, ama gesi imezidi. Anza na la kwanza, maana ndilo jepesi. Funga mtungi, acha jiko lipoe, kisha toa vichwa vya vichomeo na uvisugue kwa brashi na maji ya sabuni. Mafuta na uji uliomwagika huziba vitundu vya pembeni; hivyo vyaweza kuzibuliwa kwa sindano. Chungulia pia ile nafasi ya kuingizia hewa. Buibui hupenda kujenga humo, na katika majengo ya Kariakoo mende ni mpangaji kama wapangaji wengine. Kausha kila kitu kabla ya kurudisha.

Lakini sindano hiyo isiguse kamwe nozeli, yaani kile kitundu cha shaba kinachopimia gesi. Wako mafundi ambao, wakiambiwa moto ni mdogo, hukipanua. Tuseme kipenyo chake kilikuwa milimita 0.7, nao wakakifanya 0.8. Macho hayatambui tofauti. Hata hivyo eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo nafasi ya kupita gesi imeongezeka kwa asilimia 31, ilhali njia ya hewa ni ile ile. Mwenye jiko hufurahia moto mkubwa, bila kujua kwamba amenunua masizi na sumu.

Nilipofika kwa yule mama, vichomeo vilikuwa safi.

"Mwalimu, mimi nasafisha kila Jumamosi," aliniambia, na niliona kuwa ni kweli. "Wauza gesi ndio wanaotuchezea."

Nikalivuta jiko kutoka ukutani. Nyuma palikuwa na kibati kilichoandikwa G20. Katika utaratibu wa Ulaya alama hiyo ni ya methani, gesi asilia. Butani huandikwa G30 na propani G31. Nilipokuwa masomoni Uingereza sikuwahi kununua mtungi: gesi ilitoka ukutani kwa bomba, nayo ilikuwa methani, kwa sababu nchi ile ilibadili majiko yake kwa ajili ya gesi asilia kati ya mwaka 1967 na 1977. Sisi nasi tunayo methani yetu ya Songo Songo, iliyoanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baadhi ya nyumba za jiji zimeunganishwa nayo. Lakini mita moja ya ujazo ya methani hutoa joto la megajuli 36 hivi, na ya propani 91. Ndiyo maana nozeli za jiko la methani hutobolewa pana zaidi. Ukiliunganisha jiko hilo na mtungi, hata tukikumbuka kwamba propani ni nzito na hupita polepole zaidi, jiko hupokea karibu mara mbili ya nishati lililokusudiwa. Hewa haitoshi.

Na kaboni inayokosa oksijeni haiishii kuwa masizi. Nyingine hupata atomu moja ya oksijeni badala ya mbili, ikawa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na ni rahisi kudhaniwa malaria, ila haileti homa, na mgonjwa hupata nafuu akitoka nje. Jikoni kwa yule mama dirisha lilifungwa tangu asubuhi kwa sababu ya makelele na moshi wa jenereta ya duka lililo chini, na oveni iliwaka saa tano mfululizo.

Nilipima pia uvujaji. Ndani ya mtungi, katika joto letu, kanieneo yaweza kuwa kati ya mara 3 na 11 ya ile ya hewa, kutegemea mchanganyiko. Regulata huishusha hadi kilopaskali 3 hivi. Mpira uliopasuka au regulata iliyolegea hupimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Kumbuka kwamba propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani mara mbili. Ikivuja hulala sakafuni, hushuka ngazi, hujaa vyumba vya chini ya ardhi. Asilimia 2 yake katika hewa yatosha kulipuka. Ukinusa harufu, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka, wala usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima.

Oveni yake ilikuwa na kasoro nyingine: ukiachia kitufe, moto huzimika. Kosa hili mara nyingi ni la themokapo, kijiti cha metali mbili zilizounganishwa. Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba kiungo cha namna hiyo kikipashwa moto huzalisha umeme. Hapa ni milivolti 20 au 30 tu, nazo zatosha kushikilia vali wazi. Mwali ukizimika, umeme hukoma na vali hujifunga. Ncha ikifunikwa na masizi, joto halifiki. Tuliisugua taratibu kwa stiliwaya, ikafanya kazi. Kukibana kitufe kwa kijiti cha mti, kama wengine wafanyavyo, ni kuua mlinzi wa nyumba.

Nozeli za gesi ya mitungi zilipatikana dukani, na fundi alizifunga siku iliyofuata. Mwali ukawa wa buluu. Yule mama alilalamika kwanza kwamba moto umekuwa mdogo, na kweli birika lilichelewa kidogo kuchemka. Sikuwa na chombo cha kupimia kaboni monoksidi, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyowaumiza vichwa. Lakini baada ya mwezi mwanae aliniambia kwamba mtungi wa kilo 15 ulikuwa bado haujaisha, na kwamba jioni sasa husomea mezani, palepale karibu na jiko, dirisha likiwa wazi.