Wastani wa Alama za Kiswahili: Karatasi Zisizolingana Uzito

Katika mtihani wa KCSE, Kiswahili hutahiniwa kwa karatasi tatu: Insha (alama 40), Lugha (80) na Fasihi (80). Jumla ni 200. Ichukuliwe kuwa mtahiniwa amepata 32, 40 na 40 mtawalia. Kwa asilimia, hizo ni 80, 50 na 50. Aghalabu asilimia hizi hujumlishwa, zikagawanywa kwa 3, ukapatikana wastani wa 60. Walimu wa Kiswahili, waliozoea kuwaachia wenzao wa Hisabati mambo haya, nao hawajasalimika.

Hesabu hiyo ina kasoro. Inaifanya Insha kuwa thuluthi ya mtihani, ilhali ni humusi tu. Sharti zijumlishwe alama zenyewe: 32 + 40 + 40 = 112; kisha 112 ÷ 200 × 100 = 56. Zile alama 4 za ziada humfariji mwanafunzi ambaye, kwa hakika, Lugha na Fasihi zimemlemea.

Kosa lilo hilo hutokea mikondo inapounganishwa. Mmoja una wanafunzi 20, wastani 60. Wa pili una 40, wastani 45. Wastani wa pamoja si 52.5, bali (1,200 + 1,800) ÷ 60, yaani 50.