Gari Lipi Lifaalo kwa Doria? Fizikia ya Usafiri wa Polisi katika Nyika za Tabora

Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000, yaani karibu mara tatu ya nchi ya Rwanda. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni misitu ya miombo, mashamba ya tumbaku na mahindi, malisho ya ng'ombe, na mbuga ambazo wakati wa masika hugeuka matope. Katika nchi kama hiyo, taarifa ya wizi wa ng'ombe, ya ugomvi wenye damu au ya mtoto aliyepotea aghalabu hutoka mahali palipo mbali na kituo cha polisi. Iwapo askari watafika kwa saa moja au kwa saa tano, au wasifike kabisa, ni jambo linalotegemea chombo chao cha usafiri kama vile linavyotegemea ushupavu wao.

Kwa hiyo swali la gari lifaalo kwa doria si la wanunuzi wa magari peke yao. Ni swali la kisayansi, na sehemu kubwa ya jawabu lake imo katika kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari: kani, kanieneo, msuguano, nguvu na kitovu cha uzito.

Kazi ya kila siku

Kabla ya kupima chombo, hapana budi kuijua kazi yake. Polisi wa jimbo la Michigan, nchini Marekani, hufanya majaribio ya magari ya doria kila mwaka. Hupima jinsi gari linavyoongeza kasi, kasi yake ya juu kabisa, na umbali linaouhitaji ili lisimame. Vipimo hivyo vina maana pale ambapo barabara ni za lami na wahalifu hukimbia kwa magari.

Katika wilaya za Sikonge, Kaliua au Uyui, kufukuzana kwa magari ni jambo la nadra. Gari la polisi hubeba askari kwenda kijijini, hurudi na mtuhumiwa na mashahidi, hupeleka vielelezo mahakamani, na mara nyingi hufanya kazi ya gari la wagonjwa. Aliyejeruhiwa kwa kupigwa au katika ajali huhitaji fomu ya polisi iitwayo PF3, na kwa sababu hiyo safari yake ya kwenda hospitali hupitia mikononi mwa polisi. Chombo kinachotakiwa ni kile kibebacho watu wengi, kipitacho penye njia mbaya, na kirudicho salama.

Somo la wapagazi

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaikata nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea kupitia Uvinza na mto Malagarasi hadi Ujiji. Burton na Speke walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857 walifika Tabora, iliyojulikana wakati huo kwa jina la Kazeh, mwezi wa Novemba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mizigo yote ilisafiri juu ya mabega na vichwa vya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, karibu frasila mbili. Ikichukuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kilo 60, uzito wote uliokandamiza ardhi ulikuwa nyutoni 900. Anapokanyaga kwa wayo mmoja wenye eneo la sentimita za mraba 150, kanieneo yake ni:

nyutoni 900 ÷ mita za mraba 0.015 = paskali 60,000, yaani kilopaskali 60.

Sasa lichukuliwe gari la doria ambalo pamoja na dereva, mafuta, askari watatu na vifaa vyao lina kilo 2,400, na matairi yake yamejazwa upepo kwa kilopaskali 240. Kwa kukadiria, kanieneo ya tairi juu ya ardhi hulingana na ile ya upepo uliomo ndani yake. Nyutoni 24,000 zikigawanywa kwa paskali 240,000 hupatikana mita ya mraba 0.1. Gari zima, basi, limesimama juu ya eneo lisilozidi sentimita za mraba 1,000, na kila sentimita ya ardhi hukandamizwa mara nne zaidi ya ilivyokandamizwa na wayo wa mpagazi. Ndiyo sababu njia iliyovumilia misafara kwa miaka mingi huchimbika kwa malori katika masika moja.

Mchanga na matope si kitu kimoja

Katika nyanda za Tabora kuna aina mbili za udongo zinazomsumbua dereva. Kwenye miinuko yenye miombo kuna udongo wa kichanga, ambao wakati wa kiangazi hulegea na kuzama. Kwenye mabonde na mbuga, kama ile ya Wembere upande wa Igunga, kuna mfinyanzi mweusi ambao hufyonza maji, huvimba na kunata.

Dawa ya mchanga ni kupunguza upepo wa matairi. Upepo ukishushwa kutoka kilopaskali 240 hadi 120, eneo linalogusa ardhi huongezeka karibu mara mbili, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuzama. Dereva lazima aende polepole na ajaze upepo tena afikapo barabara ngumu, kwani tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto na kupasuka.

Matope ya mbuga ni jambo jingine. Mfinyanzi hujaza mifereji ya tairi hata likawa laini kama chupa, na msuguano hupotea. Pale ambapo chini ya tope kuna tabaka gumu, tairi jembamba lenye meno makubwa hufaa kuliko lile pana, kwa kuwa hulikata tope na kushika chini. Pale pasipo na tabaka gumu, minyororo ya magurudumu, koleo na mikono ya wanakijiji ndiyo msaada uliobaki. Hakuna tairi moja lililo bora mahali pote.

Kani ya kusukuma na kani ya kuzuia

Kila gurudumu linaloviringika huzuiwa na ardhi. Juu ya lami, kani ya kuzuia ni karibu asilimia 1.5 ya uzito wa gari. Katika mchanga mlegevu yaweza kufikia asilimia 20. Kwa gari lililotajwa, kani hizo ni nyutoni 360 juu ya lami na nyutoni 4,800 mchangani, tofauti ya zaidi ya mara 13.

Je, gari litapita? Kani ambayo magurudumu yaweza kuitoa bila kuteleza ni zao la msuguano na uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa na injini. Msuguano ukiwa 0.3, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne laweza kutoa 0.3 × 24,000, yaani nyutoni 7,200. Hizo ni nyingi kuliko 4,800, nalo litapita. Gari lenye uzito uo huo likiendeshwa na magurudumu mawili yaliyobeba nusu ya uzito litatoa nyutoni 3,600 tu. Magurudumu yatazunguka bure na kujichimbia kaburi, hata kama injini yake ina nguvu maradufu. Hapa ndipo sifa ya injini kubwa inapokuwa haina faida.

Kanuni hiyo yaeleza kwa nini magari ya aina ya Land Rover, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na Land Cruiser ya Japani yamekuwa vyombo vya polisi katika nchi nyingi za Afrika. Historia ya Land Cruiser yenyewe ina uhusiano na polisi: mwaka 1951 gari la kwanza la ukoo huo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaagiza magari 289 kwa ajili ya doria. Nchini Tanzania, Land Rover ya aina ya Defender ilizoeleka mno hata jina "difenda" likawa katika vinywa vya watu jina la gari lolote la polisi lililo wazi nyuma, kama vile "karandinga" lilivyo jina la lori la kubebea mahabusu. Utengenezaji wa Defender ya asili ulikoma mwaka 2016.

Nguvu, joto na hewa ya mwinuko

Nguvu inayohitajiwa ni zao la kani na kasi. Mchangani, kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, gari huhitaji 4,800 × 5.6, karibu kilowati 27. Juu ya lami, kwa kilomita 80 kwa saa, kani ya ardhi ni nyutoni 360, na ile ya upepo kwa gari lenye umbo la sanduku yakadiriwa kuwa nyutoni 370. Jumla ikizidishwa kwa mita 22.2 kwa sekunde huwa kilowati 16 tu. Gari litambaalo mchangani, basi, hufanya kazi kubwa kuliko likimbialo juu ya lami, tena bila upepo wa kutosha wa kuipoza rejeta. Si ajabu maji yakachemka.

Isitoshe, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Injini ivutayo hewa bila kusaidiwa hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Gia za chini na injini itoayo kani kubwa ingali ikizunguka polepole hufidia upungufu huo. Injini ya dizeli ya lita 4.2 itumiwayo katika Land Cruiser nyingi hutoa nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200 tu kwa dakika.

Dakika zinapotelea wapi

Ichukuliwe kwamba kijiji kiko kilomita 60 kutoka kituoni: kilomita 40 za lami na kilomita 20 za njia ya porini. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa juu ya lami na 15 porini litatumia dakika 30 na dakika 80, jumla dakika 110. Likinunuliwa gari la mbio, liendalo 120 juu ya lami na 15 porini, safari itachukua dakika 100. Lakini likipatikana gari lenye springi imara, liendalo 80 juu ya lami na 25 porini, safari itachukua dakika 78. Aliyeongeza kasi kwa kilomita 40 ameokoa dakika 10, na aliyeongeza kilomita 10 mahali panapostahili ameokoa dakika 32. Kwa majeruhi anayevuja damu akisubiri kupelekwa hospitali ya Kitete, dakika hizo huenda zikawa ndio uhai wake.

Kitovu cha uzito na usalama wa askari

Gari refu la porini lina kasoro yake. Lichukuliwe gari lenye dereva na mafuta, kilo 2,100, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 80 juu ya ardhi, na umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni sentimita 146. Wakipanda askari kumi wenye kilo 700 na kuketi juu ya mabenchi ya nyuma, kitovu cha uzito wao kikiwa sentimita 140, kitovu cha jumla hupanda hadi sentimita 95. Katika kona yenye nusukipenyo cha mita 50, kasi ya kupinduka hushuka kutoka kilomita 76 kwa saa hadi 70. Juu ya changarawe gari huanza kuteleza hata kabla ya kasi hiyo, na gurudumu linaloteleza likinaswa na ukingo wa mtaro hupinduka mara moja. Watu walioketi wazi bila mikanda hurushwa nje. Dereva ajuaye hesabu hii hapunguzi ujasiri wake. Huwarudisha wenzake nyumbani.

Pikipiki, baiskeli na miguu

Si kila kazi yahitaji gari. Pikipiki hutumia sehemu ndogo tu ya mafuta ya gari na hupita vichochoroni na kwenye njia za ng'ombe. Haibebi majeruhi wala mahabusu kwa usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma walipounda sungusungu ili kupambana na wizi wa ng'ombe, walifuata nyayo kwa miguu, wakipashana habari kwa filimbi kutoka kijiji hadi kijiji. Habari zilitangulia mbele ya mwizi, na njia ikafungwa kabla hajafika. Gari bora halitoi faida ikiwa taarifa imechelewa kufika kituoni.

Hitimisho

Kwa mji wa Tabora na barabara za lami, gari dogo lenye gharama nafuu au pikipiki hutosha. Kwa njia za porini lafaa gari liendeshwalo na magurudumu manne, lililoinuka, lenye gia za chini, na ambalo fundi wa wilayani aweza kulitengeneza kwa vipuri vilivyopo. Ubora wa chombo haumo katika chombo peke yake, bali katika kulingana kwake na ardhi, na kazi, na mafuta yaliyomo katika tangi.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Chora wayo wako juu ya karatasi ya miraba, hesabu eneo lake, kisha tafuta kanieneo yako unaposimama kwa mguu mmoja. Linganisha na kilopaskali 240 za tairi.

2. Safari ina kilomita 60 za lami kwa kasi ya 80, na kilomita 30 za porini kwa kasi ya 20. Ni lipi liokoalo dakika nyingi zaidi: kuongeza kasi ya lami hadi 100, au ile ya porini hadi 24?

3. Upepo wa matairi ukipunguzwa, kani ya kuzuia mchangani hushuka kutoka asilimia 20 hadi 12 ya uzito. Je, gari la kilo 2,400 liendeshwalo na magurudumu mawili, lililoelezwa hapo juu, litapita? Toa sababu.