SOMO LA MWEZI: KOMPYUTA ISIYOLALA



Mwezi uliopita tulipowatembelea ndugu zetu wa Jinja, mama mmoja alitungoja mlangoni baada ya ibada akatuuliza: "Wazee, hiyo kompyuta ya chumba cha nyuma mbona haizimwi hata usiku? Mnalipia umeme wa kitu ambacho hakuna anayekitazama?" Tulimshukuru, kwa sababu ameuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni. Tena swali hilo limekuja kwa wakati wake, maana hapa makazini tunataka kununua kompyuta kama hiyo, na uamuzi utatolewa na washiriki wote. Basi tujifunze pamoja.

1. Seva ni kitu gani?

Seva ni kompyuta inayowahudumia wengine. Haina mtu anayeketi mbele yake. Inafanana na kisima cha kijiji: kila mmoja anakuja na ndoo yake, na kisima hakiulizi ni saa ngapi. Ndoo zetu ni simu. Mtoto akikaribia chumba kile, simu yake inashika wai-fai ya ruta yetu ndogo, anafungua masomo yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, wala hatumii hata shilingi moja ya bando.

Si lazima iwe mashine ya bei kubwa. Ile ya Jinja ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, tuliyoinunua mwaka 2019 kwa bei ya mbuzi wawili. Tuliiwekea mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, na programu mbili, nazo ni za bure: Kiwix, inayofungua Wikipedia bila intaneti, na Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inahitaji zaidi ya gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi na haijazi diski.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa tu. Seva ya kwanza kabisa ya tovuti duniani, mwaka 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani ya Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi. Aliibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu, kuwaonya watu wasiizime. Na hapa Uganda, mwaka 2007, Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mradi wa BOSCO, likapeleka kompyuta za umeme mdogo, zinazotumia sola, kwenye kambi za watu waliohamishwa na vita ya kaskazini. Watu wa kambini kama sisi walitangulia katika njia hii.

2. Kwa nini isizimwe?

Kwanza, wanafunzi hawana saa moja. Wengine huja alfajiri kabla ya shule, wengine baada ya kazi za nyumbani.

Pili, kazi nyingine hufanyika vizuri usiku. Kama tunataka kupakua masomo mapya, mtandao huwa mwepesi watu wakiwa wamelala. Kunakili mafaili kwenda diski ya pili nako hufanyika saa hizo.

Tatu, mtandao wa nje si wetu, unaweza kutoweka. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katikati ya kipindi hicho, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku tano. Siku hizo kompyuta ya Jinja iliendelea kutoa masomo kama kawaida, kwa kuwa masomo yalikuwa ndani yake.

3. Hesabu ya umeme

Hapa ndipo mama yetu ana haki. Jinja ni mji wa bwawa, lile la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa huitwa Nalubaale. Lakini kuishi karibu na bwawa hakukupi umeme wa bure. Kila mmoja anaijua Yaka yake.

Shika kalamu. Kompyuta ya mezani ya zamani, bila kioo, hula takriban wati 70. Zidisha kwa saa 24, unapata wati-saa 1,680 kwa siku, yaani yuniti 1.68. Kwa mwezi ni yuniti 50 hivi. Tuseme yuniti moja ni shilingi 750: jumla ni shilingi 37,500 kila mwezi. Ndani ya mwaka mmoja au chini yake, umeme unakuwa umepita bei ya kompyuta yenyewe! Hilo hatukulipigia hesabu tuliponunua, na tunakiri.

Sasa tazama laptopu iliyotumika. Kioo kikiwa kimefungwa hula takriban wati 15: ni yuniti 11 kwa mwezi, karibu shilingi 8,100. Ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani, hula wati 5 hivi: ni shilingi 2,700. Tena laptopu inayo betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki ghafla.

Kwa wenye sola hesabu ni kali zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya mezani kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi inataka 840. Itavuka nusu hiyo kabla ya jogoo kuwika. Laptopu inataka 180 tu.

4. Maadui wanne wa kompyuta isiyolala

Umeme wa kukatika. Diski ikiwa inaandika na umeme ukaondoka, mafaili huharibika. Nunua UPS. Hata ile ndogo inakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Pia ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, uiamuru iwake yenyewe umeme unaporudi.

Vumbi na joto. Kila mwezi izime, ifungue, na utoe vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Usiiweke sakafuni wala chini ya bati lenye jua.

Maji na radi. Ndugu zetu wa Mbale hawatasahau usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na watu zaidi ya 20 kufa. Tangu hapo kompyuta ya Mbale iko juu ya rafu, usawa wa bega. Kuhusu radi, tuwakumbuke wenzetu 14 waliouawa na radi tarehe 2 Novemba 2024 katika makazi ya Palabek, wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: wingu likijikusanya, zima, chomoa waya wa umeme na waya wa antena, mapema. Ngurumo ikishaanza, usiguse waya. Mashine inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Mikono ya watu. Mara tatu kompyuta ya Jinja ilichomolewa ili mtu achaji simu au apige pasi. Sasa tumebandika karatasi kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na tumeweka soketi nyingine ya simu pembeni. Karatasi ilisaidia kidogo, soketi ilisaidia sana.

5. Tulichopoteza

Sehemu hii ni nzito, lakini somo bila ukweli si somo. Familia zetu zilituomba tuhifadhi picha za vyeti: vya kuzaliwa, vya ndoa, diploma za Kongo, barua za shule. Mwaka 2023 umeme ulikatika usiku, na asubuhi diski ya Jinja haikuamka tena. Tulikuwa na nakala Mbale, lakini hatukuwa tumeipeleka kwa miezi minne. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya.

Familia kumi na moja zilikuwa zimeleta vyeti katika miezi hiyo minne. Tisa walikuwa bado na karatasi zao. Wawili hawakuwa nazo, kwa kuwa mvua ilikwisha kuziharibu. Mmoja wao ni binti aliyetaka kuanza chuo Mbale. Alichelewa mwaka mzima. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha, na babake alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili.

Tangu hapo kila Jumamosi nakala hufanywa, na anayeifanya hutia sahihi kwenye daftari. Nakala moja hubaki Jinja, nyingine Mbale. Kitu kilicho mahali pamoja tu, kihesabu kama umekwisha kukipoteza.

6. Kisichofaa kuwekwa

Mtu aliyekimbia anayo sababu ya kukimbia. Orodha ya majina yenye kijiji alikotoka na anakoishi sasa haifai kukaa kwenye mashine inayofikiwa na kila simu. Masomo yawe wazi kwa wote. Vyeti viwe sehemu iliyofungwa kwa nywila, na mwenyewe aombwe ruhusa kwanza. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inadai hivyo pia. Na yeyote akitaka kilicho chake kifutwe, kifutwe siku hiyo hiyo.

Ushauri wetu

Kwa hapa makazini tunapendekeza laptopu iliyotumika, diski mbili za nje, ruta moja na betri ya sola iliyopo. Ya Jinja tumekwisha kuiondoa kioo, na ikifa hatutanunua ya mezani tena. Mama, ulituuliza vizuri.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kompyuta yetu iwake usiku kucha, au mpaka saa nne tu? Nani atapata hasara?
2. Karatasi za familia yako ziko mahali pangapi leo?
3. Nani atashika daftari la Jumamosi, na nani atamkagua?

Leteni majibu kwenye mkutano wa washiriki. Amani iwe nanyi.