Siku Moja Mikumi

Wengi wetu tumeiona Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kupitia dirisha la basi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata kwa takribani kilomita 50. Abiria husimama kumtazama twiga, na kabla hawajakaa vizuri basi limeshampita. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na ukishuka ukaipa siku nzima itakuonyesha mambo ambayo dirisha la basi haliwezi.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Uwanda wa Mkata, ambako wanyama wengi hukusanyika, ni mbuga kwa maana ya zamani ya neno hilo: nchi tambarare ya udongo mweusi unaotuamisha maji. Wakati wa masika udongo huo hunasa hata gari lenye nguvu. Kiangazi nyasi hupungua, maji hubaki madimbwini, na wanyama huyafuata huko.

Kutoka Dar es Salaam unaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, kisha ukamalizia kwa gari. Ila usipange kufika na kuingia hifadhini siku hiyohiyo. Lala mji wa Mikumi, uwe mlangoni saa 12 asubuhi. Beba kitambulisho chako cha taifa, maana kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni, na uwe tayari kulipa kwa simu au kadi. Vaa nguo za rangi ya khaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi ziache nyumbani, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na akikuuma utamkumbuka hadi jioni. Chakula kiweke kwenye hotipoti na chai kwenye chupa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Sasa nije kwenye jambo ninalotamani kila mgeni alishike. Kosa kubwa la siku ya kwanza ni kumfukuzia simba. Gari likisimama tu, mtu anamuuliza dereva, "Simba yuko wapi?", na safari inageuka mbio za vumbi kutoka kona hadi kona. Simba hulala muda mwingi wa mchana, na rangi yake ni ile ile ya nyasi kavu. Gari linaloenda kasi humpita hatua chache tu. Zima injini. Watazame swala pala. Wakiwa wametawanyika na kula, hapo ni salama. Wakisimama wote wakaelekeza masikio upande mmoja, tazama wanakotazama wao. Twiga naye ni mlinzi mzuri, kwa kuwa anaona mbali. Akikazia macho kichaka bila kutafuna, subiri hapo hapo. Sikiliza pia nyani wakibweka juu ya mti.

Tembo utakutana naye karibu. Mpishe. Akitanua masikio, akitikisa kichwa au kuinua mkonga kukunusa, anakuambia umesogea mno: rudi nyuma taratibu, usipige honi. Watoto wasichomoze miili nje ya dirisha, na asishuke mtu isipokuwa mahali palipotengwa.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni bwawa la viboko, mwendo mfupi kutoka mlango mkuu. Fika hapo adhuhuri, joto linapowafanya wanyama wengi watafute kivuli, na ule chakula chako. Mara ya mwisho nilikaa hapo zaidi ya saa nzima. Magari matatu yalikuja, watu wakapiga picha za migongo, wakaondoka. Baadaye kiboko jike akainuka majini, na mgongoni pake alikuwapo mtoto mdogo ambaye sote tulikuwa tumemdhania jiwe. Kiboko hujificha majini mchana kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Malisho yake ni ya usiku.

Baada ya saa 10 alasiri rudi Mkata tena. Nyumbu, pundamilia na nyati hutoka vivulini, mwanga unalala juu ya nyasi, na milima ya Uluguru inaonekana kwa mbali upande wa mashariki. Ukiwa na darubini ya mkononi mpe mtoto aishike, utashangaa atakachokiona kabla yako. Jua likikaribia kuzama, geuza gari uelekee mlangoni.

Ukishatoka bado umo hifadhini, maana barabara kuu nayo imo. Mwisho wa mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na mabango yanataja faini ya kumgonga kila aina ya mnyama. Shikilia 50 hata lori la nyuma likikupigia honi. Wale swala uliowatazama asubuhi huweza kuvuka hapa gizani.