Viza si Kibali cha Kazi: Somo kwa Wakazi Wanaotafuta Ajira Nje ya Nchi

Mkazi wa Khwisero anapoamua kutafuta kazi nje ya nchi, ni nadra atoe pesa peke yake. Ng'ombe wa maziwa huuzwa, chama hukopesha, na wakati mwingine kipande cha shamba huwekwa rehani. Mambo yakiharibika, hasara huwa ya boma zima. Mara nyingi chanzo chake ni kosa moja dogo: kudhani kwamba viza ikishagongwa kwenye pasipoti, kazi imepatikana.

Somo hili linaeleza tofauti ya stakabadhi ambazo msafiri anahitaji, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Stakabadhi tatu

Viza ni ruhusa ya kuingia nchini. Ina kusudi lake: matembezi, masomo, matibabu au kazi. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi huko kwa muda maalumu baada ya kuingia. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kuajiriwa na kulipwa. Baadhi ya nchi huunganisha kibali cha ukaazi na cha kazi katika kadi moja, nyingine huvitenganisha. Pasipoti haiwezi kuchukua nafasi ya vibali hivyo, kwa kuwa inathibitisha tu kwamba mwenye nayo ni Mkenya.

Kwa hiyo ajenti anayemwambia mtu aingie kwa viza ya matembezi na "mambo mengine yatapangwa huko" anamwomba avunje sheria za nchi ngeni kwa gharama yake mwenyewe. Akikamatwa, atakayezuiliwa na kurudishwa ni msafiri, wala si ajenti.

Uganda: karibu, lakini kuna utaratibu

Nchi ya kigeni iliyo karibu zaidi na Khwisero ni Uganda, kupitia Busia. Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha kitaifa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi haki ya kutafuta ajira katika nchi mwanachama.

Hata hivyo, haki hiyo haiondoi kibali. Kanuni za itifaki zinasema kwamba anayepata kazi ya zaidi ya siku 90 anapaswa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kandarasi ifungwe. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada ya vibali hivyo. Kuondolewa kwa ada hakumaanishi kwamba ombi halihitajiki.

Saudi Arabia: kibali kiko mkononi mwa mwajiri

Katika Saudi Arabia, kibali cha ukaazi huitwa iqama. Mfanyakazi huingia kwa viza ya kazi, kisha mwajiri hutakiwa kumchukulia iqama ndani ya siku 90. Bila iqama ni vigumu kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu, na mtu anaweza kukamatwa barabarani.

Jambo la kuelewa ni mfumo wa kafala, ambao humfanya mwajiri kuwa mdhamini wa mfanyakazi. Mwajiri akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, mfanyakazi huyo anaweza kuhesabiwa kuwa anaishi nchini kinyume cha sheria. Mageuzi yaliyoanza Machi 14, 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa kampuni kuhama mwajiri kwa masharti. Wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa, na hao ndio wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi kuhusu kandarasi zao.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya nchi hiyo kinamtaka mwajiri alipie gharama za iqama na kuihuisha. Mfanyakazi wa kampuni anayeambiwa atakatwa mshahara ili kulipia iqama aulize ni sheria gani inayoruhusu hivyo.

Ujerumani: kibali cha kutafuta kazi

Tangu Juni 1, 2024, Ujerumani hutoa kibali cha ukaazi kwa mtu ambaye bado hajapata mwajiri. Kinaitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, na hudumu hadi mwaka mmoja. Mwombaji ambaye vyeti vyake havijatambuliwa kikamilifu huko anahitaji:

- shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa nchini alikosomea;
- Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha kiwango cha B2;
- angalau alama 6 zinazotokana na mambo kama umri, tajriba na lugha;
- uthibitisho wa pesa za kujikimu. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi.

Akiwa huko anaruhusiwa kufanya kazi kwa saa 20 kwa wiki huku akitafuta ajira kamili.

Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 13, 2024. Habari zilienea kwamba nafasi 250,000 zimetengewa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilieleza kwamba makubaliano hayo hayataji idadi yoyote. Anayeuza "nafasi" kutoka kwenye hesabu hiyo anauza hewa.

Kabla ya kulipa

1. Hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usitosheke na nakala ya leseni anayokuonyesha.
2. Soma aina ya viza. Ikiwa si ya kazi wala ya kutafuta kazi, simama hapo.
3. Dai kandarasi iliyoandikwa kabla ya safari. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kandarasi ya kazi ya nje ithibitishwe na afisa wa leba.
4. Uliza nani ataomba kibali, nani atalipa, na kitachukua muda gani.
5. Acha nakala za pasipoti, viza na kandarasi kwa mtu unayemwamini nyumbani.

Wajibu wa kaunti

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, uhamiaji na viwango vya kazi ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Serikali ya Kaunti haitoi pasipoti, viza wala vibali vya kazi, na hakuna afisa wake aliyeruhusiwa kupokea pesa kwa ajili hiyo. Jukumu la kaunti ni vyuo vya ufundi vya mashinani, ambako kijana anaweza kuanza kupata ujuzi kabla ya kufikiria safari.

Kabla ng'ombe hajatoka zizini, familia iketi pamoja, iweke kandarasi mezani na kuuliza: viza hii ni ya nini, na kibali kitakuwa mkononi mwa nani? Ajenti asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hastahili kupewa pesa.